Hebu Lisome kwa Sauti

Jumamosi ya pili ya mwezi uliopita kijana wetu mmoja aliweka simu mezani ukumbini kwetu, kati ya sahani ya sambusa na birika la chai, akatuonyesha ukurasa alioupata katika maktaba ya kidijitali ya Qatar. Ni maelezo ya mtu aliyefika kwenye ofisi ya Waingereza katika Ghuba, baina ya vita viwili vikuu, kuomba hati ya uhuru. Karani amemuuliza jina, umri, alikozaliwa, nani alimchukua na nani alimuuza. Majibu yamepigwa taipu kwa Kiingereza, na mahali pa jina pameandikwa Farooz. Kijana alikuwa amemtafuta huyo Farooz wiki tatu nzima, kila orodha, kila faharasa, asipate hata kivuli chake.

Mama mmoja wa Mombasa, ambaye kwa kweli alikuja kumsubiri mumewe tu, akamwambia: "Mwanangu, hebu lisome kwa sauti."

Akalisoma. Watu wanne wakajibu kwa pamoja: "Feruzi!"

Nilikuwa nimeombwa niandike tahariri juu ya kikundi chetu cha watafuta nasaba, ambacho baadhi yenu mnakiita kwa utani "chama cha makaburi", na nilipanga kueleza faida za mtu kujua asili yake. Nimeacha. Anayetaka kumjua babu yake hahitaji kushawishiwa, na asiyetaka ana sababu zake, nitazigusa mbele. Ninalotaka kusema ni kwamba kazi hii, kwa watu wa kwetu, haifanyiki na mtu mmoja aliyejifungia chumbani. Jirani yangu Mwingereza anaweza. Uingereza imeandikisha vizazi, ndoa na vifo tangu 1837, na sensa yake ina jina la kila mtu tangu 1841. Akiandika jina la ukoo jioni, usiku ameshafika kwa mababu wa karne ya 19. Daftari zetu sisi nyingi zimo vichwani mwa watu, na vichwa vyenyewe viko Muscat, Bujumbura, Toronto, na vingine hapa hapa ukumbini vikisubiri waume zao.

Chukua majina. Programu nyingi za kuchora mti wa ukoo zina kisanduku cha jina la familia. Sisi tuna bin na binti: mtu huitwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, na kila kizazi kinaposogea jina la mwisho linadondoka. Mtoto wa kiume hupewa jina la babu, kwa hiyo majina mawili yanapokezana miaka mia, Ali bin Juma, Juma bin Ali, Ali bin Juma tena, na kompyuta, ambayo haina adabu ya kuuliza, inawaunganisha wote kuwa mtu mmoja. Nimemwona mzee huyo kwenye mti wa mwenzetu. Ameishi miaka 140, ana wake tisa, na amefariki mara tatu. Wala jina halikuhakikishii dini. Ungemkuta Shaaban Robert daftarini bila kumjua, ungemweka wapi Mwislamu huyo wa Tanga?

Tarehe nazo zina mambo yake. Bibi wa mwenzetu mmoja alikuwa akisema mama yake alizaliwa mwaka wa tufani. Tulidhani ni namna ya kusema "zamani sana". Mzee wa Makunduchi, ambaye tulimdhania amesinzia, akafungua jicho moja akasema tufani ya kuhesabia miaka ni ile ya Aprili 1872, iliyong'oa mikarafuu ya Unguja, na kwamba Pemba ilinusurika, hivyo Mpemba hana sababu ya kuhesabu kwa tufani ile. Tukapata mawili kwa neno moja: mwaka, na kisiwa. Kisha kuna mwaka wa Kiislamu, mfupi kwa siku kumi na moja hivi, kiasi kwamba aliyekufa na miaka 66 kwa hesabu ya msikitini ana 64 kwa hesabu ya ofisini. Na usiku wa Ijumaa, kwa wazee wetu, ni ule unaoingia Alhamisi jua linapozama. Ubishi juu ya usiku huo ulitumalizia mkutano mzima, na sijutii.

Hata kabila lililoandikwa usiliamini haraka. Katika sensa ya Zanzibar ya 1924 maelfu ya watu, wengi wao wenye asili ya utumwa, walijiandikisha kuwa ni Waswahili. Ilipofika sensa ya 1931, walio wengi hawakuonekana tena chini ya jina hilo. Hawakufa wala hawakuhama. Neno lenyewe lilikuwa limeanza kunuka utumwa, nao wakalivua kama kanzu yenye doa, wakawa Washirazi, Wahadimu na kadhalika. Mgeni akikuta mtu mmoja ana makabila mawili hudhani karani amekosea. Aliyelelewa mtaani Ng'ambo, Unguja, anajua kwamba karani aliandika alichoambiwa, na mwenye kusema alijua anachosema.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi mmelisikia nusu nusu.

Wenzetu wawili, wanawake, walikuwa wakisaidiana tangu siku ya kwanza ya kikundi. Mmoja anasoma herufi za Kiarabu, mwingine ana subira ya kupekua. Mnajua kwamba amri ya Sayyid Hamoud bin Mohammed, sultani wa Zanzibar, ya Aprili 1897 haikuwaacha huru watumwa wote kwa siku moja. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na masuria waliachwa nje ya amri, wakahesabiwa kama wake, hadi 1909. Uhuru ukitolewa, fidia ililipwa. Fidia kwa bwana, si kwa mtumwa. Nalisema wazi kwa sababu vijana wakilisoma neno hilo hufahamu kinyume. Na penye malipo pana daftari: jina la aliyeachwa, jina la aliyelipwa.

Jamaa aliyeko Unguja alisoma ukurasa mmoja kwa niaba ya mmoja wao, akautuma. Katika mstari mmoja palikuwa na majina mawili. La kwanza lilikuwa la babu wa bibi yake huyu. La pili lilikuwa la babu wa babu yake yule.

Walikaa wiki sita bila kupigiana simu. Yule wa ukoo wa bwana aliniambia ameona haya hata hajui aanze vipi. Yule wa ukoo wa mtumwa aliniambia yeye hakuona haya hata kidogo, ila alikasirishwa na haya ya mwenzake, maana hiyo nayo ni namna ya kuendelea kuwa bwana. Nimelifikiria neno hilo kwa muda mrefu.

Kwetu mambo haya yamefunikwa kwa ustadi mkubwa. Tunasema "mtu wetu", "alilelewa nyumbani", "mzalia". Posa zimekataliwa kwa sababu isiyotajwa, na waliokataliwa wakaielewa bila kuambiwa. Bibi wengi waliulizwa asili yao wakajibu "wa hapa hapa", na hawakusema uongo: hapo ndipo walipoamua kuanzia. Anayesema tuwaache wapumzike nami namsikia. Sikubaliani naye, kwa kuwa kimya hicho wengine kimewaumiza na wengine kimewapa heshima isiyo yao, lakini simwiti mjinga.

Wale wawili wamerudi kikundini. Wasomaji wa hadithi watataka niseme walikumbatiana. Hawakukumbatiana. Mmoja alimtumia mwenzake picha ya ukurasa mwingine akamwomba amsomee Kiarabu chake, kwa kuwa yeye hasomi, na mwenzake akamsomea. Basi.

Kutokana na hayo jarida hili limekubaliana na kikundi juu ya ukurasa wa maulizo utakaoanza toleo lijalo. Tutachapa maswali, majibu yatakwenda mkononi mwa aliyeuliza. Atakayekuta ukoo wa mtu mwingine kwenye karatasi ya utumwa, upande wowote ule, atamwambia mwenyewe kwanza, faraghani, na mwenyewe ndiye atakayeamua kama jambo litatoka nje. Na kila habari iletwe pamoja na aliyeisema, aliisema lini, na yeye aliisikia kwa nani. Mmoja wenu amelalamika kwamba tunageuza kikundi kuwa mahakama. Lakini madrasa tulifundishwa kwamba hadithi hupimwa kwa mnyororo wa walioipokea. Kwa nini babu zetu tuwapokee bila mnyororo?

Mnyororo ungepunguza pia idadi ya masharifu. Karibu kila mti ninaoonyeshwa unaishia kwa sharifu, liwali au mfalme. Sijaonyeshwa hata mmoja unaoishia kwa mpagazi, na hali Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kutokana na Carrier Corps, wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, waliokusanywa kwa mamia ya maelfu. Hao hawakuzaa?

Kwa walio tayari kuanza: Nyaraka za Taifa za Zanzibar ziko Kilimani. Hapa Uingereza nyaraka za taifa ziko Kew, kuingia ni bure, penseli tu, kalamu ya wino unaiacha nje; barua za wizara ya mambo ya nje kuhusu biashara ya watumwa ziko kundi la FO 84. Wenye asili ya Freretown, makazi ya walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamisionari wa CMS karibu na Mombasa mwaka 1875, watazame Birmingham, ambako chuo kikuu kimehifadhi karatasi za misheni hiyo. Wenye asili ya misheni za Mbweni na Kiungani, Unguja, watazame Oxford. Lakini msiende peke yenu. Mimi nilikwenda Kew peke yangu mara ya kwanza, nikarudi na picha mia nne za mwandiko ambao hadi leo sijaumaliza.

Kuhusu vipimo vya mate, mnaniuliza mno, nami sina hamu navyo. Ni kweli kwamba mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa DNA ya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani kama Manda, Mtwapa na Kilwa, ukaonyesha kwamba upande wa mama ulitoka zaidi Afrika na upande wa baba zaidi Asia, hasa Uajemi, na kwamba kuchanganyika kulianza karibu na mwaka 1000. Kumbe bibi waliochekwa na wasomi kwa ngano zao za kutoka Shirazi ya Uajemi walistahili kusikilizwa kidogo. Ila waliopimwa ni watu wa makaburi yale, si bibi yako. Na mate ukishayatoa hayarudi: kampuni ya 23andMe ya Marekani ilipoomba kinga ya mufilisi Machi 2025, wateja walikimbizana kufuta habari zao wasijue zitaangukia mikononi mwa nani.

Bora mzee na kinasa sauti. Ila msimuulize "babu yako aliitwa nani?" Mtamtia hofu ya mtihani, na mzee akiogopa hubuni. Muulizeni nani aliswalisha jeneza, nani aliozesha, maji yalichotwa kisima gani, futari ililetwa kutoka nyumba ya nani. Majina yatakuja yenyewe. Na akisema "bibi", mwulizeni bibi yupi, maana ndugu wote wa kike wa bibi ni bibi, na somo wa mama ni bibi, na mwenye nyumba ni bibi. Nusu ya makosa ya miti yetu imekaa ndani ya neno hilo.

Ulizo la kwanza ni langu, kwa hiyo nalitoa mapema.

Natafuta habari za mwanamke aliyekuwa akiuza vitumbua Vikokotoni, Unguja, kabla ya 1964. Alikuwa mrefu, mwenye tundu ya ndonya kwenye mdomo wa juu, na alipoulizwa kwao alijibu "wa hapa hapa". Mtaa mzima ulimwita Bibi. Nyumbani kwetu tuliambiwa ni mtu wetu. Nashuku sasa kwamba alikuwa bibi wa mama yangu hasa, aliyemzaa mama yake. Usiku aliwabembeleza watoto kwa wimbo usio wa Kiswahili, na mama anayakumbuka maneno mawili tu ya wimbo huo. Sikuyaandika hapa kwa sababu sijui yanaandikwaje. Jumamosi nitayasema.