Seva iko kijani, sisi tuko kwenye foleni

Najua wengi mko bize na maandalizi ya usajili wa kozi kwa hiyo nitakuwa mfupi (nitajaribu!). Habari ya mjini ni kwamba jamaa wa IT hapa chuo wanahamia toleo jipya la Zabbix, ile programu inayochunguza afya ya seva. Msicheke jamani, hili linatuhusu kuliko mnavyodhani.

Zabbix aliianzisha Alexei Vladishev wa Latvia, ikatolewa kwa umma mwaka 2001, na ni ya bure. Kila seva inawekewa kiprogramu kidogo, ajenti, kinaripoti prosesa imechoka kiasi gani na diski imebaki nafasi gani. Kiwango kikipita, kengele inamlilia fundi. Safi kabisa. Sasa tatizo liko wapi?

Kumbukeni muhula uliopita, siku ya mwisho ya usajili. Ukibonyeza kuhifadhi kozi, ukurasa unazunguka weeee mpaka unachoka. Ukienda ofisini unaambiwa mfumo uko sawa, kwenye skrini yao kila kitu kijani. Na hawakudanganya! Seva inaweza kuwa hai, prosesa imetulia, kumbe nafasi za kuingia kwenye hifadhidata zimejaa na wote tumekwama mlangoni. Na asiyesajiliwa hasaini bum, hilo halina mjadala.

Sisi wa ualimu tunaita hilo suala la uhalali wa kipimo. Mtihani wa Historia ukisahihishwa kwa uzuri wa mwandiko utatoa alama nzuri tu, ila hazikwambii nani anaijua Historia. Kwa hiyo mimi nasema wazi: kuhama toleo huku kengele zikibaki zile zile ni kazi bure. Toleo la 7.0, lililotoka Juni 2024, linaweza kufungua kivinjari lenyewe, likaingia kama mwanafunzi, likabonyeza hatua kwa hatua na kupima sekunde. Basi watengeneze mwanafunzi hewa (kwa mara moja hewa awe na faida, hehe) ajaribu kusajili kozi usiku na mchana. Yeye akikwama, fundi aamshwe.

Wapo wanaosema pesa hizo zingeenda kwenye intaneti ya hosteli. Naelewa, hata mimi naisaka kwenye ngazi. Lakini programu hainunuliwi, kinachotumika hapa ni muda wa mafundi, na wakiweka kengele kwa kila kitu watazizoea na kuzipuuza kama mbwa anayebwekea kila mpita njia.

Kingine ni tarehe. Seva mpya ya Zabbix ikiwashwa mara ya kwanza inabadilisha muundo wa hifadhidata yake, na kurudi nyuma unahitaji nakala uliyoweka pembeni. Data zikiwa nyingi inaweza kula masaa. Nasikia wanataka kufanya wiki ile ile ya usajili... kweli jamani? Ina maana siku tunayobanana sana ndiyo siku watakayokuwa hawaoni kitu. Wasubiri wiki mbili. Na ajenti za zamani zinaongea na seva mpya bila shida, kwa hiyo hakuna haja ya kugusa mashine zote kwa mkupuo.

Waziri wa elimu wa serikali yetu ya wanafunzi anakutana nao Alhamisi. Kama ulikwama muhula uliopita, mpelekee picha ya skrini yenye saa kabla ya Jumatano jioni.