KURA YAKO SI URITHI WA CHAMA



Ndugu zangu katika imani, yapo maneno mawili yanazunguka, na yote mawili ni mabovu. La kwanza: "Kura moja haibadilishi kitu." La pili: "Sisi tangu enzi za baba zetu ni watu wa chama fulani." Leo nayajibu kwa jimbo moja la mjini huko Uingereza, Leicester South, lenye Waislamu wengi.

Mwenye neno la kwanza, tazama mwaka 1983. Jim Marshall wa Labour aliangushwa na Derek Spencer wa chama cha Wahafidhina kwa kura 7. Saba tu! Hao ni watu wa sinia moja la pilau. Marshall alikipata tena kiti mwaka 1987, baada ya miaka minne.

Mwenye neno la pili, sikiliza. Marshall alifariki mwaka 2004, wakati hasira za vita vya Iraq zimepanda. Katika uchaguzi mdogo wa Julai, Labour wakashindwa na Parmjit Singh Gill wa Liberal Democrats, chama kilichopinga vita ile. Gill ni Singasinga! Muislamu aliyempa kura kwa ajili ya Iraq hakutazama jina, alitazama msimamo.

Mwaka 2005 Labour wakakirudisha kiti. Kufikia 2019, Jon Ashworth alishinda kwa tofauti ya kura 22,675. Nani angemtikisa? Ikaja vita ya Gaza. Julai 2024 akaangushwa na Shockat Adam, mgombea asiye na chama, kwa kura 979. Mlima ule wote uliyeyuka ndani ya uchaguzi mmoja.

Na wewe unayeshangilia kwa sababu tu mshindi ni Muislamu, shusha takbira kidogo. Naye ahojiwe vilevile. Suratun Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Sasa chama ni nani hata kisihojiwe?

Kura ni ushahidi. Unapompigia mtu, unashuhudia kwamba anafaa. Ukimpigia dhalimu kwa mazoea, umetoa ushahidi wa uongo. Ukikaa nyumbani kwa uvivu, usilalamike ukitawaliwa na waliotoka.

Anayekuhakikishia kura yako kabla hajakuuliza shida yako, huyo hakuheshimu, amekuhesabu tu.

Allah atupe busara. Mfikishie na mwenzako.