Atakayekubali Kusahihishwa



Tangu mwaka 2005, kampuni ya Google huendesha mpango uitwao Google Summer of Code. Kijana hupendekeza kazi katika mradi wa programu huria, yaani programu ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuichunguza ndani, kuirekebisha na kuwagawia wengine. Akichaguliwa, hupewa mlezi kutoka katika mradi huo, hufanya kazi akiwa kwao, na hupata posho. Tangu 2022, hata asiye mwanafunzi aweza kuomba, mradi awe ametimiza miaka 18.

Wengi huuliza kwanza habari za posho. Hatuwalaumu; ada ya masomo hailipwi kwa sifa. Lakini sisi tuliozeeka na chaki mkononi twaona hazina nyingine, nayo ni kusahihishwa. Shuleni, kosa hubaki kati ya daftari na kalamu nyekundu ya mwalimu. Katika miradi hii, kazi yako husomwa mbele ya wote. Mlezi hukuonyesha mstari usioeleweka, nawe warudia mara ya pili, ya tatu, hata ipokelewe. Anayeona haya kukosea hadharani hatafika mbali.

Hatari pia ipo. Mwaka 2020, katika Hacktoberfest, ambako waliochangia miradi walizawadiwa fulana, watu wengi walituma mabadiliko yasiyo na maana, wakawachosha watunzaji wa miradi, ambao wengi wao hujitolea bure. Waandaaji wakalazimika kubadili masharti. Zawadi ikitangulia kazi, kazi huharibika.

Kwa hiyo twawashauri: anzeni kabla ya posho. Outreachy, mpango mwingine wa namna hii, humtaka mwombaji achangie mradi kwanza ndipo achaguliwe. Sahihisheni maelezo yenye makosa. Tafsirini kwa Kiswahili kile mnachokielewa vema. Na miezi ikiisha, msiondoke. Linus Torvalds alianzisha Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki. Ilikua kwa sababu wengine walikuja, wakabaki. Aliyelelewa leo na awe mlezi kesho.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ninyi msingoje siku ya tatu. Liombeni jembe siku ile ile mnapobisha hodi.