Kosa Likisema, Tulisikilize

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme neno juu ya desturi mbaya iliyoingia chumba cha kompyuta, nayo ni kunyamazisha makosa badala ya kuyaelewa.

Muhula huu nilitaka kuongeza maksi 5 za zoezi juu ya maksi za mtihani. Niliandika hivi:

maksi = input("Maksi zako? ")
print(maksi + 5)

Nikaingiza 45, nikangoja 50. Python ikakataa, mstari wa mwisho ulianza na TypeError, yaani kosa la aina. Mwenzangu akanishauri, "Itie hiyo 5 ndani ya alama za kunukuu, itanyamaza." Kweli ilinyamaza, lakini jibu lilikuwa 455, na mtihani wenyewe ni wa maksi 100!

Sababu ni hii. Tangu Python 3 ilipotoka mwaka 2008, input hutuletea maandishi siku zote, hata tukiingiza tarakimu tupu. Katika Python 2 haikuwa hivyo, kwa hiyo vitabu vya zamani vyaweza kutupoteza. Alama ya + huunganisha maandishi mawili, na hujumlisha namba mbili. Ikikuta maandishi upande huu na namba upande ule, Python haibahatishi nia yetu, hukataa.

Dawa yake ni fupi. Tuyageuze maandishi kuwa namba pale pale yanapoingia:

maksi = int(input("Maksi zako? "))

Kama maksi zina nukta, mfano 45.5, tuweke float mahali pa int.

Wako wasemao kwamba Python ni kali mno. Mimi naona ukali huo ni wema. JavaScript ukiiambia "45" + 5 hukupa 455 bila kukuonya. Kosa lipigalo kelele tutalitengeneza siku ile ile. Jibu baya lililo kimya tutalibandika ubaoni, na mwenzetu atapewa nafasi isiyo yake. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua.

Basi, wenzangu, kabla ya kumwita jirani atupe dawa ya kubahatisha, na tusome kwanza mstari ule wa mwisho. Umeandikwa kwa ajili yetu.

Mwanafunzi,
Kidato cha Tatu