Dawa Iko Butabika, Mgonjwa Yuko Kisenyi

SAUTI YA MTAA
Na Hajati Zaituni Nalwoga

Ukishuka mtaa wa Kisenyi, hapa Kampala, asubuhi kutoka upande wa soko la Owino, unavisikia vinu vya mahindi kabla ya kuviona. Vumbi la unga limetanda, na wachukuzi, weupe hadi kwenye kope, wanapokezana magunia. Mmoja wao namjua tangu utotoni. Mwaka juzi aliteguka mgongo, akaandikiwa vidonge vya tramadoli vya siku chache. Vilipokwisha, mgongo ulikuwa umepata nafuu, lakini alikwishaona kwamba akivimeza anabeba magunia mengi bila kuchoka. Akaenda duka la dawa la jirani, akauziwa bila karatasi ya daktari. Viwili kwa siku vikawa vinne, vinne vikawa kumi.

Siku aliyokosa hela ndipo alipojua kwamba amenasa. Nilimkuta nyuma ya kinu, amejikunyata juu ya magunia matupu, kamasi na machozi vinamtiririka, miayo haikatiki, anatetemeka na jua limewaka. Ndugu zetu wa Dar es Salaam na Mombasa huiita hali hiyo arosto. Akaniambia, "Hajati, raha siitafuti tena. Nataka tu mwili uache kuniuma."

Tramadoli, pethidini, kodeini, mofini na heroini ni ukoo mmoja. Mwili ukishazizoea, kuzikosa ni ugonjwa, na ugonjwa hautibiwi kwa matusi wala kwa kumfungia mtu chumbani. Mara nyingi aliyezoea tramadoli hupunguziwa dozi polepole chini ya uangalizi, maana dawa hii ikizidi huweza kuleta hata kifafa. Aliyezama zaidi hupewa methadoni, dawa ya maji anayoinywa mara moja kwa siku mbele ya muuguzi, au buprenofini, kidonge cha kuwekwa chini ya ulimi. Kipimo kikishapatikana, arosto hutulia, na mtu hufanya kazi yake akiwa na akili timamu.

Wazazi, hili lishikeni sana. Kijana aliyefungiwa wiki mbili bila dawa, akitoka akarudia kipimo chake cha zamani, anaweza kufa siku hiyohiyo. Mwili umeshapoteza uzoefu, na pumzi hukatika usingizini. Wengi tumewazika tukidhani walikuwa wamepona.

Uganda ilianza kutoa tiba hii ya methadoni mwaka 2020 katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Butabika. Nilimsindikiza huko kijana wangu, yule mchukuzi, na alipokewa kwa heshima. Lakini kutoka Kisenyi ni kilomita kama 12, kupitia foleni ya barabara ya Jinja, kila siku, kwenda na kurudi. Mchukuzi hulipwa kwa gunia. Saa asizobeba hana chakula. Tena kuna jina lenyewe. Hapa Kampala, kumwambia mtu "wa Butabika" ni kumwita mwendawazimu. Alivaa kofia hadi machoni asije akaonwa akishuka kwenye teksi. Alikwenda siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili lori la mahindi liliingia kinuni alfajiri. Alichagua lori.

Ninachoomba ni kimoja: methadoni na buprenofini zitolewe Kituo cha Afya cha Kisenyi. Ni kituo cha daraja la nne cha mamlaka ya jiji, KCCA. Mama zetu hujifungulia pale, na watu huchukua dawa za virusi vya UKIMWI pale bila kuulizwa wanatoka wapi.

Nchi hii imewahi kuthubutu jambo kubwa kuliko hilo. Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na mofini ya maji ikaanza kuwafikia wagonjwa wa saratani majumbani mwao. Mwaka 2004 Uganda ikawa ya kwanza duniani kuwaruhusu wauguzi na matabibu waliofunzwa tiba shufaa kuandika mofini. Kama tulimwamini muuguzi wa kijijini na mofini, tunashindwaje kumwamini wa Kisenyi na methadoni? Tanzania nayo ilianza kutoa methadoni hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, kisha ikafungua huduma hospitali ya Mwananyamala, karibu na wanakoishi wagonjwa.

Najua wapo watakaosema kliniki itavuta mateja mtaani. Mateja wako hapa tayari, ni watoto wetu. Na methadoni hunywewa dirishani, muuguzi akitazama. Kinachouzwa holela ni tramadoli ya madukani. Mamlaka ya Dawa ya Taifa iyabane maduka hayo, lakini iende sambamba na kufungua kliniki. Ukimnyima kijana kidonge bila kumpa tiba, unamsukumia kwenye heroini.

Juzi nilitembea kwa miguu kutoka kwenye kinu kile hadi kituo cha afya, nikipita mafundi vyuma na wauza maharagwe. Kikombe changu cha chai nilikiacha mezani, na niliporudi chai ilikuwa bado ya moto. Siku ile ya lori, kama dawa ingekuwa pale, kijana wangu angekwenda, akanywa dawa yake, akarudi magunia yakiwa bado yanashushwa.