Kuukuu Si Takataka

Majuzi nikiwa mjini Bungoma nilimkuta mama mmoja dukani akinunua sahani mpya za plastiki, gundi na karatasi za rangi. Nilipomdadisi aliniarifu kwamba mwanawe, aliye gredi ya nne, ametakiwa kutengeneza kifaa kutokana na vitu vilivyokwisha kutumika nyumbani. "Kwetu hatuna takataka nzuri, mwalimu," akasema. Kazi iliyokusudiwa kumfunza mtoto kutotupa ovyo ikaishia kumgharimu mzazi.

Simlaumu mama huyo. Naamini, kama mwanaisimu, kwamba jina tunalokipa kitu huchangia kuamua kitakapoishia. Kiswahili kina kivumishi -kuukuu, ambacho kiko mbali sana na neno takataka. Nguo kuukuu imechakaa, lakini ingali nguo na ina mwenyewe. Ikizidi kuchakaa huwa tambara, na tambara nalo lina kazi: ni dekio la sakafu, au ngata ya kutulizia mzigo kichwani. Tairi kuukuu likikatwa hutoka akala. Kopo likitiwa utambi na mafuta ya taa huwa koroboi. Majina haya ni ushahidi kwamba waliotutangulia walikitafutia kitu kazi nyingine kabla ya kukitupa.

Ujuzi huo haujafa. Mafundi wa jua kali mjini Kitale, kama wenzao kwingineko nchini, hugeuza mapipa na mabati kuwa majiko na karai. Nyumbani mambo ni mepesi zaidi. Mtungi wa plastiki unaovuja ukikatwa upande mmoja, ukatobolewa chini na kujazwa udongo wenye samadi, hukuza sukuma wiki. Gunia kuukuu nalo hujazwa udongo huku nguzo ya mawe madogo ikijengwa katikati ili maji yafike chini. Mboga hupandwa juu na ubavuni. Mtungi wa lita tano hutundikwa kwenye mti uliokingama, na shingo yake hufungwa kamba inayoshuka hadi kijiti cha kukanyagia. Mtu akikanyaga, mtungi huinama na maji huchirizika, akanawa bila kukigusa chombo. Hicho ndicho kibuyu chirizi, ambacho wengi walikikumbuka mwaka wa 2020 korona ilipoingia nchini.

Hata hivyo, si kila chombo kitupu kinachofaa kurudi jikoni. Trans Nzoia na Bungoma ni maeneo ya mahindi, na dawa za kuua magugu na wadudu hutumika mashambani kila msimu. Chupa iliyowahi kutiwa sumu haifai kutiwa maji ya kunywa, maziwa wala mafuta ya kupikia, hata ikioshwa mara ngapi. Yapasa isuuzwe mara tatu, maji hayo yarudishwe katika pampu ya kunyunyizia, kisha itobolewe ili pasiwe na mtu wa kuitumia tena. Vivyo hivyo, tairi lisifanywe kuni, kwani moshi wake hudhuru. Mtoto asiyefunzwa tofauti hii aweza kuwadhuru wa nyumbani kwao huku akidhani anaweka akiba. Hapo ndipo mwalimu anapohitajika zaidi kuliko gundi.

Kwa walimu wenzangu nina ombi. Mtaala wa umilisi unamtaka mwanafunzi atende, nasi tusiigeuze kazi hiyo kuwa orodha ya manunuzi. Tutoe alama kwa kifaa kinachofanya kazi, hata kama hakimeremeti. Kibuyu chirizi chenye matope kinachonawisha darasa zima kina thamani kuliko ua lililoundwa kwa plastiki mpya. Nanyi wanafunzi, kabla ya kuwaomba wazazi pesa za dukani, waulizeni nyanya na babu zenu kitu hicho kilikuwa kikigeuzwa nini kikichakaa, kisha liandikeni jina lake.

Wahenga walituasa tusitupe mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu. Bila shaka yule mama wa Bungoma alikuwa na mbacha nyumbani kwake. Ni wajibu wa shule kumsaidia mwanawe autambue.