Kukesha Siyo Kusoma



Ukipita mitaa ya Gongoni, hapa mjini Tabora, saa saba za usiku katika mwezi wa Oktoba, utaona taa chache bado zinawaka barazani na madirishani. Mara nyingi penye taa hiyo yupo mwanafunzi wa kidato cha nne. Miguu ameitumbukiza katika beseni la maji baridi ili asisinzie. Daftari lipo magotini, midomo inacheza, macho yamekuwa mekundu. Mama akiamka kwenda uani humwona, akafurahi moyoni na kusema, "Mwaka huu mwanangu ameamua."

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unapenda kuzungumza na mama huyo, na baba, na mwalimu, na kijana mwenyewe. Kwa heshima zote tunasema kwamba njia hiyo siyo nzuri. Inaharibu afya, na hata ule mtihani wenyewe haiusaidii.

Nasema hivyo kwa kuwa niliwahi kuwa kijana wa beseni. Katika shule ya bweni niliyosoma, asiyekesha alihesabiwa kuwa mvivu. Wiki mbili za mwisho nililala saa tatu au nne tu kila usiku. Asubuhi ya mtihani mmoja nilifungua karatasi, nikaona maswali ninayoyajua, lakini majibu hayakuja. Niliyasoma usiku uleule, tena mara tano! Nilikaa nikitazama saa ya ukutani mpaka jasho likanitoka. Jioni, nikiwa nimejilaza kitandani, majibu yote yakarudi yenyewe. Kwa miaka mingi niliamini kwamba sikusoma vya kutosha. Baadaye, nilipojifunza habari za mwili wa binadamu, nikafahamu kwamba nilisoma vya kutosha lakini sikulala.

Usingizi unafanya kazi gani? Watu wengi hudhani mtu akilala ubongo nao unazimika kama taa. Sivyo. Wakati wa usingizi ubongo huyapanga na kuyaimarisha yale uliyojifunza mchana. Kijana anayesoma hadi saa tisa za usiku, akaamka saa kumi na moja, ni sawa na mkulima aliyevuna karanga zake akaziacha shambani bila kuzitia ghalani. Mwaka 2016 wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani walishauri kwamba kijana mwenye umri wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10 kila siku. Asiyepata usingizi wa kutosha huwa mwepesi wa hasira, mzito wa kufikiri, na mwenye huzuni isiyo na sababu. Siku hizi wapo pia wanaokunywa vinywaji vya kuongeza nguvu ili wakeshe. Vinywaji hivyo vina kafeini, na baada ya saa tano hivi karibu nusu ya kafeini hiyo bado imo mwilini. Kijana akija kuutaka usingizi, hauji.

Tusisahau pia kwamba mbu waenezao malaria huuma usiku. Anayesoma barazani hadi usiku wa manane, miguu wazi, hujitafutia homa wiki ileile ya mtihani. Mahali pake baada ya saa nne usiku ni ndani ya chandarua.

Sisi watu wa Tabora tunayo mafundisho ya jambo hili katika historia yetu wenyewe. Zamani za misafara, Wanyamwezi walisifika kuwa wapagazi hodari. Mzigo wa mtu mmoja ulifikia kiasi cha kilo 30, na njia ya kutoka pwani hadi hapa ilikuwa ya miezi. Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871, akafika Tabora mwezi Juni. Je, wapagazi wale walikwenda usiku na mchana? Hapana. Waliondoka alfajiri kukiwa na ubaridi, wakatembea hadi jua linapokuwa kali, kisha wakatua mizigo, wakapika, wakapumzika. Kesho yake tena. Walijua kwamba anayejitia mbio siku ya kwanza hafiki Ujiji. Elimu ya sekondari ni safari ya miaka minne. Kwa nini basi tunawaacha watoto wetu wakae miaka mitatu bila kwenda, halafu wakimbie miezi miwili ya mwisho na mzigo wote kichwani?

Huenda msomaji akasema, "Mambo ya usingizi na mapumziko ni ya watoto wa matajiri. Sisi tunataka ufaulu." Tukumbuke basi yaliyotokea mwaka 2013. Mwezi Februari mwaka ule yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mtihani wa 2012. Karibu watahiniwa 6 katika kila 10 walipata sifuri. Nchi nzima ilishtuka. Serikali iliunda tume, na mwezi Mei matokeo yale yakafutwa na kupangwa upya. Lakini kabla ya hapo vijana walikuwa wamekwisha kuambiwa nyumbani na mitaani kwamba wao ni wavivu na hawafai. Magazeti ya wakati ule yaliandika habari za vijana waliojitoa uhai baada ya kuona majina yao. Hao hawakuwa takwimu. Walikuwa watoto wa watu, na kila mmoja alikuwa na kitanda chake nyumbani ambacho kilibaki kitupu.

Kwa maoni yangu, lile neno "wavivu" lilitumika kwa haraka mno. Mtoto wa shule ya kutwa anatembea mwendo mrefu asubuhi bila kutia kitu tumboni. Amesoma miaka saba kwa Kiswahili, na siku ya kwanza ya kidato cha kwanza anakuta vitabu karibu vyote viko kwa Kiingereza. Akiuliza, wenzake humcheka. Akikosa, huchapwa. Jioni anachota maji, anasaidia kazi za nyumbani, na anapopata daftari lake giza limeingia. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa hadi kidato cha nne, na tangu 2022 hadi kidato cha sita. Hilo ni jema sana. Lakini kuondoa ada hakujazi tumbo, wala hakuondoi hofu. Afya ya mwanafunzi ndiyo ardhi ambamo masomo hupandwa.

Tufanye nini basi? Natoa mashauri machache, ambayo mengi hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, chakula. Mwanafunzi asitoke nyumbani na njaa. Uji wa mtama au wa ulezi uliotiwa karanga zilizopondwa ni chakula cha maana. Matobolwa na karanga za kukaanga hufungwa katika mfuko na kuliwa saa za mapumziko. Hayashindwi na maandazi hata kidogo. Wasichana wanapoteza damu kila mwezi, kwa hiyo huhitaji zaidi vyakula vya kuongeza damu: maharage, dagaa, mchicha, kisamvu. Chai isinywewe pamoja na chakula hicho, maana hupunguza nguvu yake ya kuongeza damu, inywewe baadaye. Msichana anayesinzia darasani huenda hana uvivu wowote bali amepungukiwa damu. Apelekwe kupimwa. Tena, wazazi tusione haya kununua taulo za kike. Binti anayekosa shule siku tatu kila mwezi hupoteza zaidi ya mwezi mzima wa masomo kwa mwaka.

Pili, namna ya kusoma. Mtaalamu wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alionyesha tangu mwaka 1885 kwamba tulichojifunza husahaulika upesi katika siku za mwanzo, lakini kikirudiwa kwa vipindi hukaa. Mwaka 2006 wataalamu Roediger na Karpicke wa Marekani walilinganisha vikundi viwili vya wanafunzi. Kimoja kilisoma habari na kuirudia kuisoma. Kingine kilisoma, kikafunga karatasi na kuandika yote kinayoyakumbuka. Dakika 5 baadaye waliorudia kusoma walionekana bora. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima wenyewe ndio waliokumbuka zaidi. Hapa ndipo vijana wengi hudanganyika. Ukisoma ukurasa mara tano unauona umeuzoea, nawe unadhani umeujua.

Kwa hiyo, kijana, fanya hivi. Siku ileile uliyofundishwa, funga daftari na uandike kwa maneno yako unayoyakumbuka. Fungua, usahihishe. Rudia baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Soma kwa dakika 40 hivi, simama, nyoosha miguu, kunywa maji, urudi. Simu iwe chumba kingine, au mpe mama akushikie. Pale Kiingereza kinapokuzuia, jadilini kwanza na wenzako kwa Kiswahili, hata kwa Kinyamwezi, mpaka jambo lieleweke. Kisha mliandike kwa Kiingereza. Anayekariri asichokielewa hubeba gunia asilojua kilichomo.

Tatu, saa za nyumbani. Wazazi, mtoto hawezi kuongeza siku saa ya ishirini na tano. Ikiwa kazi zote za nyumba zinamwangukia binti huku kaka yake akicheza mpira, tusishangae matokeo yao yakipishana. Tugawe kazi kwa haki. Tumpe saa moja na nusu ya mwanga, kabla giza halijaingia ikiwezekana, bila kumtuma dukani. Na ifikapo saa nne usiku tumwambie kwa upole, "Mwanangu, inatosha. Nenda kalale." Maneno hayo ni msaada mkubwa kuliko masomo ya ziada ya kulipia.

Nne, moyo wa kijana. Shirika la Afya Duniani linatufahamisha kwamba nusu ya magonjwa ya akili huanza kabla ya mtu kutimiza miaka 18, na mengi hayatambuliwi wala kutibiwa. Tuangalie dalili: kijana aliyekuwa mchangamfu akaanza kujitenga, kukosa hamu ya chakula, kuumwa kichwa au tumbo kila siku ya shule, kusema kwamba hana faida. Tusimwambie, "Acha kudeka." Tukae naye, tumwulize, tumsikilize bila kumkatiza. Akitamka kwamba hataki kuishi, tusimwache peke yake hata saa moja, nasi tumpeleke hospitali. Hapa kwetu ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete. Ipo pia namba 116 ya kusaidia watoto, ambayo hupigwa bure.

Tano, walimu. Tunajua mzigo wenu: madarasa yamejaa, na wakubwa wanataka ufaulu. Hata hivyo tunaomba. Mtoto anayeogopa fimbo hujifunza kujificha, hesabu hajifunzi. Kila shule iwe na mwalimu mmoja wa malezi ambaye mwanafunzi anaweza kumwendea bila kuogopa siri yake kusemwa katika ofisi ya walimu. Na zile saa za kusoma usiku bwenini ziwe na mwisho unaoheshimiwa.

Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza wanafunzi kumi bora na shule kumi bora. Wengine walinung'unika. Mimi niliona ni jambo la busara. Lakini yafaa tujiulize, je, nyumbani tumeacha? Bado tunasema mbele ya mtoto, "Mwenzako wa jirani amepata daraja la kwanza, wewe je?" Tunadhani tunamtia bidii, kumbe tunamvunja.

Najua yupo atakayesema, "Sisi tulikesha, tulichapwa, na tumefaulu." Ni kweli, wapo waliofaulu. Lakini tunaosema hivyo ni sisi tuliovuka. Wale walioshindwa njiani hawana ukurasa wa kuandikia. Tusipime usalama wa mto kwa kuwauliza waliofika ng'ambo tu.

Mji wetu ni mji wa shule. Mwalimu Nyerere alisoma hapa kuanzia 1937 hadi 1942, akarudi kufundisha hapahapa. Tunajivunia, na ni haki yetu. Lakini heshima ya mji wa shule haitokani na majina makubwa tu. Inatokana pia na yule kijana wa Gongoni ambaye kesho asubuhi ataingia darasani akiwa ameshiba, amelala, na hana hofu.

Mama uliyemwona mwanao na beseni usiku wa leo, nakuomba. Mwaga maji hayo, mfute miguu, mfunge daftari, mshushie chandarua. Kesho kukipambazuka atasoma.